Mama Nabintu: Miaka Kumi na Tisa ya Kulilia Wafu wa Watu

Baada ya kulitumikia Shirika la Tuzikane kwa miaka kumi na tisa, Mama Nabintu, Mhamasishaji wa Jamii katika tawi letu la kambi ya wakimbizi ya Nakivale, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Cheo hicho alipewa na ofisi ya Mbarara, na kwenye beji kinapendeza sana. Hapa kijijini kwetu Juru hakuna anayekijua. Ukiuliza njiani nyumba ya Mhamasishaji wa Jamii, utazungushwa kwenye mashamba ya maharage mpaka uchoke. Ukiuliza nyumba ya mama anayelia, yeyote utakayemkuta atakushika mkono akufikishe mlangoni.

Maana ndiyo kazi yenyewe. Shirika letu huwazika wakimbizi waliofariki bila ndugu. Ofisi ya Mbarara hutoa mbao, sanda na gari, na tawi hutoa wachimbaji, maombi na kilio. Mbao na sanda ziko chini yangu mimi mtunza ghala. Kilio kilikuwa chini ya Mama Nabintu. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Basi marehemu wetu hana mfiwa, nani aanze? Shirika, ambalo halijawahi kushindwa na jambo, liliajiri mfiwa, likampa buti za mvua na mwavuli wenye nembo.

Namna alivyoajiriwa inafaa isimuliwe, kwa kuwa wafanyakazi wapya wanadhani kulikuwa na usaili. Mama Nabintu alifika kituo cha mapokezi cha Kabazana akitokea upande wa Bukavu, peke yake, na kitenge kimoja cha kubadilisha. Hata kiwanja hajapewa, bibi mmoja aliyelala mkeka wa jirani akafariki. Bibi yule hakuwa na mtu. Watu wetu wakaja na mbao, wakafanya kazi yao kwa adabu na kwa haraka, kama ilivyokuwa desturi yetu siku hizo. Wakati wanataka kufukia, Mama Nabintu akajitokeza na kuwauliza: "Munamuzika sawa vile mbuzi? Hakuna hata mutu mumoja wa kumulilia?" Hakungoja jibu. Alipaza sauti, na watu wote waliokuwa kwenye foleni ya uji wakageuka. Msimamizi wetu wa wakati ule akamuuliza kama yeye ni binti wa marehemu. Akasema hapana, hata jina la marehemu ameliuliza asubuhi ile. Wiki iliyofuata alikuwa na beji.

Neno lenyewe, kulia, halijawahi kuzoeleka katika ofisi ya Mbarara. Bwana Muhirwa, mratibu wetu, ambaye tunamheshimu sana, aliwahi kutueleza kwamba linaweza kuwatisha wafadhili. Katika taarifa zake huliandika "msaada wa kihisia ngazi ya kijiji". Hapa Juru, kwa upande wake, neno hilo lina wenyewe wawili wasioelewana. Kwa Wakongo, kulia ni mahali pa kwenda. Mtu akisema "tunaenda kulia kwa fulani", ana maana ataoga, atafunga kitenge kizuri, atabeba makaa na unga, na hatarudi leo. Kwa sisi Warundi, kulia ni kazi ya watoto wachanga na ya mbuzi waliosahauliwa juani. Mtu mzima humeza. Wazee wetu husema machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni, na ukiwatazama wengi wetu matumbo hayo utakubali kwamba ni mahali pa kutosha.

Mama Nabintu hakutaka kujua ya huku wala ya kule. Alikuwa na kilio chake na alikifundisha kwa ukali kama mwalimu wa kwaya, na kweli alikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa lake. Wanawake wa kujitolea waliokuja na machozi tayari aliwarudisha nyuma. "Machozi ni mayi tu," aliwaambia. "Kulia ni kusema mutu alifanya nini." Unaanza na jina, unaliita mara ya kwanza kama vile mwenyewe yuko shambani na anaweza kusikia. Kisha unasema alilofanya. Kisha unamuuliza anatuachia nani. Machozi yakija baada ya hapo, yakaribishwe. Yasipokuja, kazi imefanyika.

Alilia kwa bidii hata pale ambapo hapakuwa na la kulilia. Tunakumbuka kijana mmoja aliyefariki Kabazana kabla hajaandikishwa vizuri. Hakuna aliyejua kwao, wala alikuwa mtu wa namna gani. Mama Nabintu akazunguka kituo kizima akiuliza, na alichorudi nacho ni kwamba kijana alipenda sukari nyingi kwenye uji. Basi akaililia ile sukari. Aliuliza nani sasa ataimaliza, na kwa nini kijana ameondoka kabla haijakorogwa, mpaka wachimbaji wakaweka majembe chini wakageuzia nyuso zao vichakani. Mimi, Mrundi halisi, nilikwenda kukagua misumari.

Hakuna aliyewahi kumkuta amekauka sauti. Alitafuna tangawizi, alikataa maji baridi, na mvua ya wilaya hii ya Isingiro ilimkuta makaburini mara nyingi kuliko ilivyomkuta nyumbani. Kama kuna mfanyakazi mwingine wa Shirika mwenye rekodi kama hiyo, ajitokeze. Si mimi.

Sasa tufike kwa Mzee Melchior, maana hakuna anayeweza kueleza utumishi wa Mama Nabintu akamruka mzee huyo, ingawa kamati ya sherehe ya kumuaga imependekeza nifanye hivyo kwa ajili ya muda.

Mzee Melchior alikuwa Mrundi, Mkatoliki, mkazi wa Juru, asiye na mke wala mtoto wala mtu wa ukoo upande huu wa mpaka. Alikuwa na baiskeli yenye karia pana la chuma, imara kuliko vitanda vya wengi, na hakumwazima mtu. Katika kila mkutano wa kijiji alisimama kusema jambo moja: vilio vikome. Mkristo, alisema, azikwe kwa utulivu, watu wasikie udongo na sala, basi. Mama Nabintu alimsikiliza kila mara akiwa ameshika tama, na kila mara alimjibu kwa upole kwamba siku yake ikifika atamulilia polepole.

Miaka minne iliyopita Mzee Melchior alipelekwa hospitali Mbarara kupasuliwa ngiri. Hapo inabidi nieleze desturi yetu ya taa. Gari la Shirika likimleta marehemu kutoka Mbarara, dereva huwasha taa mchana kweupe kuanzia Masha na kwenda mwendo wa pole, ili vijiji vya mbele vijue na watu waanze kujikusanya. Gari likija bila taa, limebeba mbao au wagonjwa waliopona. Hakuna mtu Nakivale asiyejua hilo.

Basi siku moja gari likaonekana linakuja na taa, polepole. Juru nzima ilijua nani alikuwa hospitali. Mama Nabintu alifunga kitenge, akawaita wanawake wake, na gari liliposimama mbele ya nyumba ya Mzee Melchior kilio kilikuwa kimeshapamba moto.

Mzee Melchior alikuwa amekaa kiti cha mbele, ameshika tumbo lake lililoshonwa. Mwendo ulikuwa wa pole kwa sababu ya ule mshono. Taa, kwa maelezo ya dereva wetu Ezira, Mnyankore wa Masha, zilikuwa na sababu nyingine. "Mimi hapana washa taa," alijitetea baadaye mbele ya Bwana Muhirwa. "Taa najiwasha yenyewe. Swichi ndiyo imekufa, mzee hapana kufa." Swichi ilibadilishwa mwezi huohuo. Tunaipongeza idara ya usafiri.

Lakini jambo lililotokea pale mlangoni halikuhusu swichi. Wanawake walikuwa wameinamisha vichwa, hawakumwona. Naye hakushuka. Alikaa na kusikiliza anavyoliliwa. Nami nilikuwa nimefika na mbao, kwa hiyo nilisikia alichosikia. "Melchior we! Melchior mwenye kinga!" Ndivyo Wakongo wanavyoiita baiskeli. "Melchior mwenye kinga, unaenda!" Kisha wakapapasa, kama watu wanaotafuta kiberiti gizani. Mama Nabintu akajaribu: "Melchior mwenye kupenda utulivu!" Wakaingia wenzake. Kisha wakarudi kwenye baiskeli. Hapakuwa na kingine. Mtu ameishi kijijini miaka kumi na zaidi, na wanawake hodari kuliko wote katika kazi hiyo walipolitikisa gunia lake, kilianguka chuma kimoja.

Aliposhuka, wawili walikimbia na mmoja alizimia. Mama Nabintu peke yake alisimama, akampa mkono na kumkaribisha katika nyumba ya mzee mwenyewe. Mzee aliingia ndani akafunga mlango.

Wengi tulitarajia mashtaka. Badala yake, mshono ulipopona, Mzee Melchior alimfuata Mama Nabintu kwake, akakaa kwenye kigoda na kulalamikia ubora wa kazi. "Mama, ile kazi mliifanya vibaya," alisema. "Miye si baiskeli tu." Mama Nabintu hakukasirika. Alimwambia, "Muzee, tulilia na kyenye tulikuwa nakyo." Mzee akaanza kumpa vya kuongeza: kwao Burundi alikuwa na shamba la kahawa, alisaidia kuezeka kanisa, alimsomesha mdogo wake. Alikuwa amevipanga vizuri. Mama Nabintu akavikataa vyote. "Miye sililiake kitu cha kusikia. Nalilia kitu chenye niliona na macho."

Ndiyo ikaanza ile kazi ya Mzee Melchior, ambayo Juru iliitazama kwa furaha isiyo ya Kikristo. Siku ya kwanza alimkuta mjane Kankindi akitoka shambani na gunia la maharage kichwani. Akalichukua, akalifunga kwenye karia, na badala ya kwenda moja kwa moja kwa Kankindi akazunguka kote ili apite mbele ya Mama Nabintu. "Umeona?" akauliza. "Nimeona," akajibiwa. Kankindi alifika kwake kabla ya gunia lake. Kesho yake yalikuwa madumu ya maji ya mtu, yakazungushwa vilevile. Halafu ikawa mahindi, halafu mabati, halafu mama mjamzito aliyekataa katakata kuzungushwa na akashuka njiani kwa hasira. Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini Mzee Melchior alitoka jasho la haki. Nasi tulicheka. Niseme ukweli, mimi nilicheka kuliko wengine.

Sikumbuki ni lini aliacha kuzunguka. Nilikuja kugundua tu siku moja nikiwa njiani nyuma ya ghala, njia ambayo haionekani kutoka nyumbani kwa Mama Nabintu wala kwa mtu yeyote. Nikamkuta anasukuma baiskeli taratibu, juu yake amelala mgonjwa aliyefungwa kwa kitenge asidondoke, wanaelekea kituo cha afya. Nilimsalimia. Aliniomba nishike upande mmoja pale kwenye mteremko, kisha akaniambia nirudi kazini. Hakuniuliza kama nimeona.

Wakati huo alikuwa amekwishakuwa mtu wa kigoda kile. Alikula sombe, yaani kisamvu, ya Mama Nabintu huku akiikosoa kwa mawese yake mengi, na Mama Nabintu alimkosoa kwa kusali kimyakimya kama mwizi. Ofisi yetu ilinong'ona yale ambayo ofisi hunong'ona. Walibishana kuhusu kuzika kila siku ambayo hatukuwa na mtu wa kuzika. Mzee aliendelea kusema kwamba utulivu ni bora, ila kwake yeye, wakifika kwake, wasitaje baiskeli kwanza. Waanze na Kankindi. Mama Nabintu alimwahidi. Alimwambia kilio chake kitasikika Mbarara, na Bwana Muhirwa atafunga dirisha.

Mzee Melchior alifariki Februari mwaka huu, nyumbani kwake, kwa homa ya siku chache. Gari halikuhitajika.

Sijawahi kuona watu wengi kiasi kile katika mazishi ya Shirika. Walikuja Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na Wanyankore wachache kutoka Masha. Karibu kila mmoja alikuwa na kitu chake kilichowahi kukaa juu ya lile karia, ama gunia, ama mgonjwa, ama yeye mwenyewe. Hapakuwahi kuwa na marehemu mwenye mengi ya kuliliwa kama yule. Wanawake walisimama nyuma ya Mama Nabintu wakingoja, kwa sababu ndivyo alivyowafundisha: hakuna kuingia kabla ya mwenye kuanza. Padri alimaliza. Wachimbaji waliegemea majembe yao. Mama Nabintu akapiga hatua moja mbele, akafungua mdomo.

Hapakutoka kitu.

Alijaribu tena. Hata lile jina, lile la kuita kama mwenyewe yuko shambani, halikutoka. Kisha akakaa chini, juu ya udongo mbichi, akaweka mikono mapajani. Wanawake walitazamana, na hakuna aliyethubutu kuanza mbele yake. Tukamzika Mzee Melchior tukisikia udongo na sala, basi. Yalikuwa mazishi ya kimya kuliko yote tuliyofanya kwa miaka kumi na tisa, sawasawa na alivyokuwa akiyadai mikutanoni.

Warundi walifurahi mno. Mzee Vénant, katekista wetu, alimshukuru Mama Nabintu mbele ya umati. "Leo mama huyu ametuheshimu," alisema. "Amemzika Mrundi kwa Kirundi." Watu walimpa mkono mmoja baada ya mwingine. Habari ikafika Mbarara. Bwana Muhirwa akasifu, katika mkutano wa robo mwaka, uwezo wa tawi la Nakivale kuzingatia tamaduni za walengwa, na akapendekeza Mama Nabintu aandaliwe semina awafundishe wenzake jinsi alivyofanya. Katika utumishi wake wote, siku hiyo ndiyo pekee aliyopongezwa kwa maandishi.

Jioni ya mazishi alileta majembe ghalani, ingawa si kazi yake. Aliyapanga ukutani yote, halafu akayapanga tena. Nilimpa pole, nikamwambia wazee wamefurahi. Akaniambia: "Sikumuheshimu mutu, Aimable. Sauti ilikatala. Mutu ametumika miaka ine juu ya kilio kimoja, na miye nikamunyima." Kisha akauliza kama bado nina karatasi ya maombi ya kustaafu, na kama nitamsaidia, kwa kuwa alikuwa hajui kuijaza. Nilimsaidia. Penye sababu hatukuandika kitu. Mbarara wakajaza wenyewe: umri. Umri wake, kwa kumbukumbu zetu, ulikuwa unamruhusu miaka mingine miwili. Lakini hatubishani na Mbarara.

Tangu Februari tumezika wengine, na wanawake aliowafundisha wameanza vizuri bila yeye. Naye huja, anasimama nyuma kabisa, ananyamaza. Watu wa Mbarara wanaliita hilo kukabidhi majukumu. Mimi nimefanya naye kazi miaka yote hii, namfahamu, na nasema alivyo: Mama Nabintu amefiwa. Amewaanzia watu wengi kilio, na kwenye chake ameshindwa kuanza, wala hatukujua namna ya kumwanzia. Hilo linaniuma, na nimeomba lichapwe katika jarida hili hata kama litakatwa kwenye ratiba ya sherehe.

Kwa sherehe ya tarehe 30, Bwana Muhirwa ameomba iwe ya furaha, mtu yeyote asilie. Kutakuwa na keki kutoka Mbarara, mwavuli mpya na cheti. Ezira ataleta viti. Kankindi ataleta maharage, na wote mnakaribishwa.

Mama Nabintu, asante. Asante kwa bibi wa Kabazana, kwa kijana wa sukari, na kwa wote uliowatafutia la kusema pale ambapo sisi tulikuwa na mbao tu. Siku zako zilizobaki ziwe njema, mihogo yako isikauke, na usiku ukupe usingizi. Beji utairudisha ghalani, ndiyo kanuni, lakini sauti ni yako. Ikirudi, iwe shambani, iwe jikoni, iwe katikati ya ibada, usituulize na usitungoje. Lianze jina la mzee. Juru nzima italisikia, nasi tutaacha majembe tuje tuingie nyuma yako, Warundi pia.

Aimable, ghala la mbao, Juru